Barua kwa mwanangu: kijungu cha Ba na maji ya Gangotri

Mpendwa mwanangu,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa pupa na mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Kaka yako hana siri, na hilo nalijua tangu akiwa na miaka minne, kwa hiyo sishangai kwamba amekwambia nilikokwenda Septemba ya mwaka 2024 wakati mimi nilikuaga kwamba nakwenda Delhi kutibiwa goti, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa siku tatu. Sasa unauliza imekuwaje mimi, niliyefanya kazi ya kusafisha maji ya mji wa Tanga kwa miaka 31 na kuwakataza ninyi watoto kugusa tone ambalo halijachemshwa, nikapanda milima ya Himalaya nikiwa na umri wa miaka 67, nikanywa maji ghafi ya mto Ganga kwa viganja, nikarudi na kijungu kimoja cha maji hayo, ilhali posta ya India imekuwa ikiyauza kwenye chupa tangu mwaka 2016. Na umeniuliza pia kama kweli naamini kwamba mto ulishuka kutoka mbinguni. Nakujibu kwa Kiswahili, kwa kuwa Kigujarati chako cha kuandika, uniwie radhi, kinanipa taabu kuliko hilo goti.

Unakikumbuka kijungu cha shaba kilichokaa kwenye rafu ya sala, nyuma ya taa, kisichozidi ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ba, mama yangu na bibi yako, alikuja nacho alipoletwa bibi harusi kutoka Jamnagar, India, mwaka 1956, kikiwa kimejazwa maji ya Ganga na kuzibwa mdomo kwa kulehemu. Kilikuwa na kazi moja tu, kwani kwa Wahindu mtu anapokaribia kukata roho hutiliwa kinywani matone ya maji ya Ganga pamoja na jani la tulasi, aina ya mrehani. Ba hakuruhusu mtu akiguse wala akitikise, na mimi nilipokuwa mdogo niliwahi kuchapwa kwa kukisogeza sikioni ili nisikie kama kina kitu ndani.

Usiku ule wa mwaka 2019 Ba alipokuwa akikata roho, ulipokuwa bado uwanja wa ndege unasubiri ndege ya kukuleta, nilikichukua kijungu nikakata mdomo wake kwa kisu cha jikoni. Kilikuwa kikavu. Ndani, chini kabisa, palikuwa na duara jeupe la chokaa, kama lile linalobaki kwenye birika, na nilipokiinua mbele ya taa nikaona kwenye maungio tundu dogo kuliko ncha ya sindano. Maji yalikwisha kutoka humo kidogo kidogo, pengine kabla yako kuzaliwa, na sisi tuliendelea kukifukizia ubani kila asubuhi. Nilikwenda jikoni, nikafungua bomba, nikajaza kijiko, nikaweka jani la tulasi juu yake. Yalikuwa maji ya Mto Zigi, yaliyotiwa shabu na klorini na kupita kwenye machujio niliyoyasimamia mwenyewe, na kwa kipimo cha kazi yangu yalikuwa safi kuliko maji yoyote ya Ganga. Bibi yako aliyameza. Hakuuliza, nami sikusema.

Hiyo ndiyo sababu, mwanangu, na ningeweza kuishia hapa. Chupa ya posta niliifikiria, hata fomu nilishaanza kuijaza, lakini nilipofika mahali pa kuandika idadi ya chupa nilishikwa na aibu nikaifuta. Nikampelekea kijungu fundi wa mtaa wa pili akaziba tundu, nikasubiri mvua za masika ya kule zipungue, nikaondoka.

Kutoka Rishikesh, mahali ambapo mto unaachana na milima, hadi Gangotri ni karibu kilomita 250 za kona, na kabla ya yote ni lazima ujiandikishe kwa serikali ya jimbo la Uttarakhand, kwa sababu mahujaji ni wengi kuliko barabara. Njiani nilimwomba dereva asimame kwenye bwawa la Tehri, na kwa hilo sikuomba radhi kwa mtu yeyote ndani ya gari. Lile bwawa lina kimo cha zaidi ya mita 260, na chini ya maji yake umelala mji mzima wa Tehri ya zamani, pamoja na mahekalu na mnara wake wa saa. Wenzangu waliligeuzia mgongo wakisema mungu wa kike amefungwa pingu. Mimi nililitazama kwa nusu saa nikijiuliza tope lote lile la milimani linakwenda wapi, kwa maana mto wa namna hii hubeba mawe na mchanga kama lori, na bwawa lolote linalojengwa mbele yake limeanza kujaa siku lilipozibwa. Hapo ndipo unapotambua kwamba mtu anaweza kustaafu kazi ila kazi isimwachie.

Baada ya Uttarkashi bonde linabana, barabara inakwangua ukingo wa jabali, kisha ghafla linafunguka penye Harsil, nchi ya mierezi na mitufaa. Kijiji kinachofuata ni Dharali, na hapo tulikunywa chai tukanunua matufaa yaliyochumwa asubuhi ile, mekundu upande mmoja tu. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Agosti 2025, kijito cha Kheer Gad kilishuka juu ya kijiji hicho kikiwa na matope na mawe, kikafunika nyumba na hoteli kwa muda mfupi kuliko unaotumia kusoma ukurasa huu. Picha zake umeziona, nadhani ndizo zilizomfanya kaka yako afungue mdomo. Nimezitazama mara nyingi nikitafuta ile banda ya chai.

Gangotri iko kwenye mwinuko wa takriban mita 3,100, yaani ungekuwa Kilimanjaro ungekuwa umeshaiacha Mandara na bado hujaifikia Horombo. Pumzi inakuwa fupi, lakini si ya kutisha. Njia ya kwendea hekaluni ni uchochoro wa maduka, na karibu kila duka linauza kitu kimoja, vyombo vya kuchotea maji, kuanzia vichupa vya ukubwa wa kidole hadi madumu ya lita tano, yametundikwa mlangoni kama ndizi. Hekalu lenyewe ni dogo kuliko nilivyotarajia, la mawe meupe, na lilijengwa na Amar Singh Thapa, jemadari wa Wagurkha wa Nepal, mwanzoni mwa karne ya 19. Linafunguliwa siku ya Akshaya Tritiya, mwezi wa Aprili au Mei, na linafungwa mara baada ya Diwali. Theluji inapokaribia, makuhani humbeba mungu Ganga, yaani sanamu yake, kwa machela hadi kijiji chao cha Mukhba, ng'ambo ya Dharali, akakaa nao hadi majira ya joto. Nilipenda sana habari hiyo, kwamba hata mungu ana nyumba ya kipupwe na watu wa kumhamishia vyombo.

Sasa nikueleze jambo ambalo kaka yako hakukwambia, kwa sababu hata yeye halijui. Hekalu la Gangotri haliko kwenye chanzo cha mto. Maji yanatoka Gomukh, maana yake kinywa cha ng'ombe, mahali ambapo barafuto, yaani mto wa barafu, yenye urefu wa karibu kilomita 30 inaishia, na kutoka hekaluni hadi huko ni mwendo wa kilomita 18 hivi kwa miguu, kwa kibali, na kwa siku hawaruhusiwi watu zaidi ya 150. Goti langu halikunipa hata kilomita mbili. Na hicho kinywa chenyewe hakitulii, kwani kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita barafu ilikuwa ikirudi nyuma kwa karibu mita 20 kila mwaka, hivyo aliyechota hapo mwaka 1956 alisimama mbele ya barafu ambayo leo haipo. Tena, mto unaopita mbele ya hekalu hauitwi Ganga. Unaitwa Bhagirathi, na jina la Ganga linaanzia Devprayag, mbali sana huko chini, unapokutana na Alaknanda, na kwa kanuni ya ufundi wetu, kwa kuwa Alaknanda ndio wenye maji mengi zaidi, chanzo kilistahili kutafutwa upande huo mwingine. Hata kule kwetu Amani, katika msitu wa Usambara, nilipokuwa nikiwapeleka vijana wa kazini kuona mwanzo wa Zigi, walitaka niwaoneshe tundu moja kwa kidole, na mimi niliwaonesha majani yaliyolowa.

Haya yote niliyajua kabla ya kufika, na sikuona kwamba hekalu limedanganya mtu. Waliolijenga walichagua penye jiwe ambalo inasemekana Mfalme Bhagiratha aliketi akiuomba mto ushuke. Hadithi hiyo uliisikia kwa Ba. Wana 60,000 wa Mfalme Sagara waliteketezwa wakawa majivu kwa jicho la mtawa Kapila, na roho zao hazikupata njia kwa kukosa maji ya Ganga, mpaka Bhagiratha, mzao wa Sagara aliyezaliwa vizazi kadhaa baadaye, alipokwenda milimani akajinyima mpaka mto ukakubali kushuka, na Shiva akaupokea kwenye nywele zake usije ukaipasua dunia. Umeniuliza kama naamini. Ningeweza kukwambia kwamba theluji nayo hutoka juu, lakini hilo ni jibu la ujanja, na wewe hukuuliza kwa ujanja. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kwa maisha yangu yote niliisikia hadithi hiyo kama habari ya mto, na pale kwenye ngazi za kushukia mtoni, nikiwa na kijungu mfukoni, niliisikia kama habari ya mtu aliyechelewa kuwapelekea maji wafu wake.

Kuhani aliniuliza jina la mama yangu na la ukoo, akalitamka vibaya, nikamsahihisha, akalitamka tena. Kisha akaniambia nishuke hadi ngazi ya mwisho nimwage maji kwa jina lake. Mto una kishindo kikubwa, rangi yake ni kijivu cha majivu kwa sababu ya unga wa mawe yaliyosagwa na barafu, na mnyororo umefungwa hapo ili watu washike. Kiganja cha kwanza nilimwagia mama. Cha pili nikanywa, meno yakafa ganzi, na nilipofunga taya nikasikia chembe zikisagika, laini kama unga wa sembe uliobaki kwenye ungo. Mkono wa mtu wa maji uliniambia tope hili ni la kiwango ambacho ningefunga mtambo. Nikanywa cha tatu.

Usinijibu kwa kunitumia makala kuhusu kipindupindu. Mwaka 1896 mtaalamu wa Kiingereza aitwaye Ernest Hankin aliandika kwamba maji ya Ganga na Yamuna yalikuwa na kitu kinachoua vijidudu vya kipindupindu, na kwamba maji hayo yakichemshwa nguvu hiyo hupotea. Wataalamu walikuja kuzitaja virusi zinazokula bakteria. Baba yako amewachemshia maji maisha yenu yote, basi jambo hilo limenichekesha peke yangu mara nyingi. Lakini nilikunywa Gangotri tu. Nilipofika Haridwar, baada ya miji yote iliyoko njiani kutia mkono wake, nilinunua maji ya chupa kama mtu yeyote mwenye akili timamu.

Kijungu nilikijaza mwenyewe, nikakifunga kwa kizibo na nta, nikakivingirisha kwenye taulo ndani ya sanduku, na fundi yule yule wa mtaa wa pili akakilehemu mdomo nilipofika nyumbani. Kipo mahali pake nyuma ya taa. Ukija Desemba utaniona asubuhi ya kila Jumapili nikikishusha, nikikisogeza sikioni na kukitikisa taratibu, na ukitaka kusikiliza na wewe nitakupa.

Ni mimi baba yako,
Tanga