Kiingereza unacho, vidole ndivyo vinavyokuangusha: maandalizi ya IELTS ya kompyuta

Mtu aliyesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi chuo kikuu hahitaji kuanza upya na vitabu vya sarufi. Ukimweka mbele ya kibodi lakini, utaona tatizo. Kwenye simu anachapa upesi kwa vidole gumba, na simu inamrekebishia kila neno alilokosea. Kompyuta ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, hairekebishi chochote.

Fanya hesabu ya sehemu ya kuandika. Ina dakika 60 na kazi mbili: ya kwanza maneno yasiyopungua 150, ya pili yasiyopungua 250. Kazi ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza, kwa hiyo ipe dakika 40. Ondoa 5 za kupanga hoja na 5 za kupitia, zinabaki 30 za kuandika maneno kama 270. Ni maneno 9 kwa dakika, huku unafikiri. Anayenakili maneno 15 tu kwa dakika atatumia dakika 18 kati ya hizo 30 kuchapa tu, kabla hata hajafikiri. Lenga 25 hadi 30 kabla hujalipia mtihani.

Namna ya kufika huko ni ya kuchosha lakini inafanya kazi. Kila siku, kwa wiki sita, chukua aya ya maneno 150 kutoka gazeti la Kiingereza, uinakili kwa vidole vyote kumi bila kutazama kibodi. Kama huna kompyuta, kodi kwa saa kwenye stesheneri. Kwenye maeneo ya karibu na vyuo hapa Dodoma hazikosekani. Kwanza zima ile huduma ya kupigia mstari mwekundu maneno yaliyokosewa. Ukimaliza, iwashe, uhesabu makosa, na uandike daftarini maneno yaliyokukosesha. Orodha hiyo ina faida kuliko kamusi nzima, kwa kuwa ni makosa yako mwenyewe. Tahajia ya Uingereza na ya Marekani zote zinakubaliwa. Chagua moja uizoee.

Kusikiliza ndiko kunakowapotezea alama watu wetu bila kujua sababu. Kuna sehemu 4 na maswali 40, na sauti inachezwa mara moja tu. Kwenye mtihani wa karatasi watahiniwa hupewa dakika 10 za kuhamisha majibu. Kwenye kompyuta ni dakika 2 za kukagua. Chapa jibu papo hapo. Ukikosa moja, liache, maana ukiling'ang'ania utakosa na mawili yanayofuata.

Shida kubwa iko kwenye majina yanayotajwa herufi kwa herufi. Kiingereza kikitaja E, sikio letu linasikia "i". Kikitaja I, tunasikia "ai". A inakuwa "ei". Mkono uliozoea Kiswahili unaandika I palipotakiwa E, na alama imekwenda. Dawa ni kumwomba mwenzako akutajie majina 20 kila jioni, pamoja na namba za simu, akisema "double four" badala ya kurudia nne mara mbili. Jizoeze pia kutofautisha 13 na 30, 15 na 50: kwenye 13 mkazo huegemea mwisho wa neno, kwenye 30 uko mwanzoni. Sikiliza vilevile ile "s" ya wingi, kwani "student" palipotakiwa "students" ni kosa kamili. Na maelekezo yakisema maneno yasizidi mawili, ukiandika matatu umekosa hata kama jibu lina maana ileile.

Kusoma kuna vifungu 3, maswali 40, dakika 60. Kifungu kiko kushoto, maswali kulia. Unaweza kuchagua neno kwa kipanya ukalipaka rangi. Penye utata ni maswali ya kuamua kama sentensi inapatana na kifungu, hasa kutofautisha "False" (kifungu kinaipinga) na "Not Given" (kifungu hakisemi). Tuseme aya inaeleza kwamba treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Sentensi ikidai ni 2020, jibu ni "False". Ikidai abiria wengi wameacha mabasi, hata kama umeyaona kwa macho yako, jibu ni "Not Given", kwa sababu aya imenyamaza. Usiache nafasi wazi; jibu baya halipunguzi alama.

Mazungumzo ni ya dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini. Majibu ya kukariri hutambulika haraka. Angalia zaidi Kiswahili kinapojipenyeza: "yeye" wetu hana jinsia, hivyo watu huchanganya "he" na "she", na saa mbili asubuhi ni "eight o'clock". Rekodi sauti yako, usikilize makosa hayo mawili peke yake.

Kabla ya kujiandikisha, uliza chuo au mwajiri anataka aina gani: Academic (ya masomo ya chuo), General Training (ya kazi au uhamiaji), au ile maalumu ya viza ya Uingereza. Uliza pia kima cha chini kwa kila sehemu. Ukipata 7.0, 6.5, 5.5 na 6.0 kwenye sehemu nne, wastani wa 6.25 unapandishwa kuwa 6.5, lakini chuo kinachotaka 6.0 kila sehemu kitakukataa kwa ile 5.5. Matokeo huhesabika kuwa hai kwa miaka miwili, basi usiwahi mno.

Kama kituo chako kiko Dar es Salaam, safiri siku moja kabla, ukiwa na pasipoti ileile uliyojiandikishia. Ukishaketi, jaribu hedifoni na kiwango cha sauti. Ikikwaruza, nyoosha mkono kabla sehemu ya kusikiliza haijaanza.