Nimeona damu, je, niache dawa?

Swali: Shikamoo daktari. Nimepandikizwa kiinitete kilichokuwa kimegandishwa, leo siku ya nane. Natumia vidonge vya estrojeni, na projesteroni ya kuweka ukeni miligramu 400 asubuhi na jioni. Jana niliona matone ya kahawia, leo yamekuwa mekundu kidogo. Wifi yangu anasema hedhi imeshaingia, nisijitese bure na dawa. Niache?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba, dada. Usiache. Hata damu ikiongezeka usiku wa leo, endelea na homoni zote mbili mpaka kliniki ipime damu yako na wao wenyewe wakwambie basi.

Tunasisitiza kwa sababu moja. Mwanamke akipevusha yai, kifuko lilimotoka hubaki kwenye ovari kikitengeneza projesteroni, na hiyo ndiyo inayoushikilia ukuta wa mfuko wa uzazi. Wewe ukuta wako uliandaliwa kwa vidonge vya estrojeni, na katika matayarisho ya namna hiyo kwa kawaida hakuna yai linalopevuka, kwa hiyo kifuko hicho hakipo. Projesteroni inayoweza kuitunza mimba yako ni ile unayoiweka kwa mkono wako. Ukiikatisha, ukuta utabomoka baada ya siku chache na damu itashuka kweli, mimba iwepo isiwepo. Ndiyo maana wenye mimba za aina hii huendelea na dawa hadi wiki ya 10 au 12, kondo la nyuma likiwa limeshaishika kazi.

Matone yenyewe yana asili nyingi. Shingo ya kizazi huvimba na kujaa damu kwa ajili ya homoni, hivyo kidole au kifaa cha kusukumia dawa kikiigusa huchubuka. Huenda pia kiinitete kinajishikiza, au kuna dozi uliyoiruka. Rangi ya kahawia maana yake ni damu iliyokaa ndani kabla ya kutoka, basi. Haisemi kama mimba imeshika. Kutoona damu nako hakusemi kitu, kwani projesteroni huzuia hedhi. Matiti kuuma, usingizi na tumbo kujaa gesi, ambavyo wengi huvihesabu kama dalili njema, huletwa na dawa hiyohiyo.

Angalia unavyoiweka. Kojoa kwanza, nawa mikono, lala chali au inua mguu mmoja, sukuma taratibu kwa urefu wa kidole kisha tulia, kwa nusu saa ukiweza. Mafuta meupe yatakayotoka baadaye ni nta iliyobeba dawa. Vaa pedi nyembamba, usitumie tamponi. Ukisahau dozi, weka mara ukumbukapo, lakini usiweke mbili kwa mpigo. Kwa joto la Tanga dawa hizi hulainika zikiwa bado kwenye pakiti: soma kwenye boksi ni nyuzi ngapi zinatakiwa, na iliyolainika iweke kwenye friji dakika chache kabla ya kuifungua, si kwenye friza. Damu ikiwa nyingi kiasi cha kuitoa dawa nje, iulize kliniki kama unaweza kuweka kwa njia ya haja kubwa au kubadilishiwa sindano. Baadhi ya aina huruhusu, baadhi haziruhusu.

Usinunue norethisteroni, vile vidonge vya kuahirisha hedhi, ili kuikata damu. Havikuwekwa kwa kazi hii. Maumivu yakikusumbua, meza parasetamoli, uepuke diklofenaki na ibuprofeni. Kama umeandikiwa aspirini au sindano za kuzuia damu kuganda, piga simu kliniki kabla ya dozi inayofuata, maana hizo huzidisha kutoka damu.

Nenda hospitali usiku huohuo ukilowanisha pedi nzima kwa saa moja, saa mbili mfululizo, au ukipata maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu cha kuanguka, au maumivu kwenye ncha ya bega. Mimba inaweza kutunga nje ya kizazi hata kama kiinitete kiliwekwa ndani ya mfuko; husafiri kikaingia kwenye mrija. Na kama kundi lako la damu ni hasi (negative), uwataarifu mapema.

Swali: Nilinunua klomifeni, vidonge vya kupevusha yai, duka la dawa, nikameza miligramu 100 kila siku kwa siku tano. Huu ni mwezi wa saba nikifanya hivyo. Natokwa jasho la ghafla, hedhi imekuwa chache, na juzi niliona vimulimuli na ukungu machoni. Niongeze dozi?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Acha leo. Macho yakishaguswa, klomifeni haimezwi tena, na usiendeshe gari mpaka uone sawasawa. Uoni usiporudi kawaida, muone daktari wa macho bila kuchelewa.

Dawa hii huuficha mwili estrojeni yake, ubongo ukadhani imepungua na kuzichochea ovari kwa nguvu. Jasho la ghafla linatoka hapo. Hapo pia ndipo ukuta wa mfuko wa uzazi unapoweza kuwa mwembamba, kwa hiyo yai linapevuka lakini halina pa kushika. Dozi ya kuanzia ni miligramu 50 kwa siku, siku tano, ovari zikitazamwa kwa ultrasaundi, na kwa kawaida haipiti mizunguko sita. Waombe wakupime kama yai linapevuka, wapime mirija, na mbegu za mumeo zipimwe kabla hujameza kidonge kingine. Uliza kuhusu letrozoli, dawa nyingine ya kupevusha yai, hasa kama una vifuko vingi kwenye ovari.

Swali: Mke wangu alivunwa mayai kwenye ovari, ili yarutubishwe maabara, siku tano zilizopita. Damu ilikata siku ya pili, lakini tumbo linazidi kujaa na anahema. Wanasema ni gesi.
*Mume, Mwanza*

Jibu: Kaka, mpeleke sasa hivi. Matone ya siku moja au mbili baada ya kuvuna ni kawaida. Kuhema si kawaida. Ovari zilizochochewa kupita kiasi huifanya mishipa ivuje maji, yakajaa tumboni na hata kuzunguka mapafu, huku damu ikiwa nzito na rahisi kuganda. Mwambie daktari mkeo amekojoa mara ngapi tangu jana na uzito umepanda kiasi gani: zaidi ya kilo moja kwa siku ni hatari. Asipewe dawa ya kukojoza ya kununua dukani. Maumivu ya ghafla ya upande mmoja yenye kutapika nayo ni ya dharura, kwani ovari iliyovimba inaweza kujisokota.

Swali: Nilichomwa sindano ya kutoa yai siku sita zilizopita, na kipimo cha mkojo kimeonyesha mistari miwili. Nina mimba?
*Msomaji, Zanzibar*

Jibu: Bado hatuwezi kusema, dada. Sindano hiyo ikiwa ya hCG, ni homoni ileile inayotafutwa na kipimo, na inaweza kubaki mwilini siku 10 hadi 14. Subiri tarehe uliyopewa, upime damu, kisha urudie baada ya saa 48 uone kama kiwango kinapanda.