Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo tasnifu

Bagamoyo

Mwanangu,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu, ya tatu mama yako akiwa pembeni. Unasema ni miezi minne sasa, kila ukifungua kompyuta uandike tasnifu unaona heri ukafue mapazia. Unauliza uombe kuahirisha mwaka au ukaze hivyo hivyo.

Tasnifu siijui. Ninachokijua ni ile mashua ya mwaka 1987.

Macho ya babu yako yalishaingia ukungu, habari hiyo unaijua, akaniachia kazi ya kwanza peke yangu. Mwenye chombo alileta mbao za mvule Desemba, kaskazi imeshika, akataka mashua iwe majini kabla ya kusi. Gogo la mkuku, uti wa chombo, likalazwa chini ya ule mti wa mkungu uliokuja kukatwa, nami kila asubuhi nikakaa juu yake kunoa tezo. Nanoa, najaribu makali kwa vinyweleo vya mkono, nanoa tena. Wapitao wananiambia, "Fundi, kazi!" Najibu, "Kazi tu." Adhuhuri narudi nyumbani nimechoka, na usidhani uchovu ule ulikuwa wa uongo.

Haukuwa uvivu. Chombo chetu hakina ramani, mkunjo wa taruma, ubavu wa chombo, unautoa kwa jicho, na jicho lililosifiwa pwani nzima lilikuwa la babu yako. Nikipiga pigo la kwanza, watu watajua kama langu limo au halimo. Nisipopiga, hawajui.

Mwisho wa Februari mwenye mali akaja na mkokoteni. Hakugomba. Akapakia mbao zake, akanishukuru kwa kuzitunzia kivuli. Bora angenitukana!

Mashua ile ilijengwa na fundi mwingine, hatua chache kutoka kwangu, ikaandikwa ubavuni "Sikungoji". Mama yako husema hilo ni jina tu. Kwangu mimi niliambiwa.

Mnanicheka nikisema moyo hufuata mkono, lakini ndivyo. Kazi iliyofuata, mashua ndogo ya mvuvi, niliianza magoti yakigongana. Taruma la kwanza nikaliharibu, nikachonga jingine. Tulipofika kwenye kalafati, napigilia pamba kati ya mbao, nikajikuta naimba. Moyo ulikuwa umenikuta njiani.

Ila kaka yako naye aliufuata mkono, akafungua duka bila hesabu, na lile deni tunalijua sote. Na tezo butu nayo ni hasara. Kwa hiyo kunoa si kosa. Kosa linaanza siku ya ngapi? Nadhani ya tatu. Ya nne, labda.

Kuhusu kuahirisha, mama yako kanikataza kusema, eti wewe ni mtu mzima. Jibu ninalo, liko hapa mdomoni. Basi, namheshimu mama yako.

Lakini hebu niambie, katika miezi yote hiyo umeandika hata ukurasa mmoja mbaya? Nitumie huo. Kiingereza chake sitakielewa, nataka kuuona tu.

Baba yako