Kabla hujaanza kugawa mchele mtaani, jua mwaka wa familia unazotaka kusaidia

Ramadhani ikikaribia simu yangu haipumui, watu wanauliza dada mwaka huu mnagawa lini, tunataka kuchangia futari. Desemba nayo hivyohivyo, maofisi, vikundi vya waliosoma pamoja, ndugu zetu walioko Muscat na Marekani, wote wanataka kuleta mchele na mafuta na sabuni. Nashukuru, tena sana, maana mtu kutoa hela yake sio kitu kidogo. Ila aisee ikifika katikati ya Januari simu kimyaaa, na hapo ndo mtaani kwetu watu wamekabwa kweli.

Kwa wasiotujua, sisi ni kikundi cha majirani tu huku Manzese. Tulianza kama chama cha kuzikana kama vilivyo vyama vingine Dar, mnachanga, mnanunua turubai na viti na yale masufuria makubwa ya pilau, mwenzenu akifiwa mnasimama nae. Kuna siku kwenye kikao mama mmoja akauliza hivi mbona tunasubiri mtu afe ndo tumchangie, watu wakacheka, alafu wakanyamaza. Toka hapo tukaanza kuangalia na walio hai. Hatuna ofisi, hatuna gari lenye nembo, tuna daftari na sanduku la kufuli tatu kama la vikoba, kila funguo kwa mtu wake.

Sasa nyie mnaoniuliza mnaanzaje na nyie kwenu, mimi nasema anzeni na kalenda. Sio ya kwenu nyie mnaotoa, ya kwao wale mnaotaka kuwasaidia. Kaeni chini muandike mwaka wa familia ya kupanga chumba kimoja uswahilini, baba kibarua wa zege, mama anauza vitumbua au anafua nguo za watu, watoto watatu wanne. Mwezi gani hela inaingia, mwezi gani inakata, mwezi gani inatakiwa yote kwa mkupuo. Mkimaliza mtaona misaada karibu yote inakuja miezi ileile ambayo hata jirani anamkumbuka jirani kwa sahani ya chakula.

Januari ni shule. Najua mtu atasema elimu ni bure, na kweli toka 2016 hakuna ada kuanzia msingi mpaka kidato cha nne, na 2022 ikaongezwa cha tano na cha sita, na hiyo imesaidia mno sitaki kuidharau. Lakini mtoto haendi shule na ada, anaenda na sare, viatu vyeusi, soksi, sweta, madaftari, begi, kwingine rimu ya karatasi, kwingine fagio, alafu kuna mchango wa uji au chakula ambao wazazi walikubaliana kwenye kikao. Zidisha mara watoto watatu, wiki ileile moja, baada ya sikukuu. Nimeshaona mtoto anabaki nyumbani hadi Februari kwa ajili ya viatu tu, na mwalimu anamuandika mtoro.

Inakuja masika, Machi hadi Mei. Mvua ikipiga siku nne mfululizo zege halimwagwi, mama ntilie hana wateja, machinga anafunika mzigo wake na nailoni anasubiri. Hakuna kibarua, hakuna hela, na huku chumba kinavuja. Wa mabondeni ndo usiseme, wa Jangwani na Kigogo wanaujua mto Msimbazi. Mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, familia nyingi zikapelekwa viwanja Mabwepande, mbali kabisa na mjini, na baadhi wakarudi zao mjini, watu wakawatukana eti wamepewa viwanja wamerudi kwenye maji. Jamani mtu anayebeba mizigo Kariakoo alfajiri utampeleka Mabwepande atabeba nini? Nauli yenyewe inakula kibarua. Msaada ukimtoa mtu kwenye riziki yake lazima aukimbie.

Alafu kodi, na hii ndo nataka tukae nayo kidogo. Chumba cha elfu hamsini kwa mwezi kinaonekana cha bei rahisi mpaka mwenye nyumba aseme anataka ya miezi sita, hapo ni laki tatu mkononi. Mtu anayepata elfu saba leo na kesho hapati kitu anaitoa wapi laki tatu? Anaenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa. Anachukua, anaanza marejesho kila siku au kila wiki, siku mbili hajauza, wanakuja wanabeba jiko la gesi, tivii, hata godoro nimeona likibebwa mchana kweupe watoto wakiangalia.

Kuna mama alipewa kapu la chakula na watu fulani wenye moyo mzuri tu, mchele kilo kumi, unga, mafuta lita tatu, sukari. Kesho yake asubuhi akaenda kwa mwenye duka pale kona akauza karibu vyote kwa bei ya kutupa, akabakiza unga na sukari ya chai. Habari zikafika kwa waliotoa wakawaka, watu wa huku hawana shukrani, bora tungewapa wengine. Mimi nilimfuata jioni nikamkuta anakuna nazi, nikamuuliza mama nanii imekuwaje. Akasema, "Mwanangu, mchele tungekula wiki, yule kaka wa marejesho anakuja leo saa kumi." Basi. Alipiga hesabu kuliko sisi wote na alikuwa sahihi, njaa ya wiki ijayo angeitafutia njia, vyombo vikienda havirudi.

Ndo maana sisi hela nyingi tunaiweka kwenye kodi na madeni, hata kama haipendezi kwenye picha. Kodi tunamlipa mwenye nyumba moja kwa moja, na hatulipi yote, familia inaleta sehemu yake hata ndogo. Na kabla ya kulipa tunaenda kuongea na mwenye nyumba apokee mwezi mwezi. Mtashangaa wangapi wanakubali ukija na watu wazima wawili watatu na mjumbe, maana mwenye nyumba anachoogopa ni mpangaji kumkimbia, sasa akiona kuna watu nyuma yake anatulia. Deni la kausha damu hatulilipi kichwakichwa, tutakwisha wiki moja. Tunakaa na mkopeshaji serikali ya mtaa, tunaomba riba isimame, mara nyingi anapunguza kwa sababu wengi wao hata leseni hawana na kukaa mbele ya mwenyekiti hawapendi.

Kingine ni kujua nani ana shida kweli. Wengi mtaenda kwa mjumbe kuomba orodha, ni sawa, nendeni, ni heshima na mtamhitaji. Ila wapangaji wapya hawamo humo, na shemeji zake wamo. Sisi tunaongea na mwenye duka na mama muuza mkaa. Daftari la madeni la dukani linasema yote bila hata kusomewa majina, mwenye duka anajua nani alikuwa anakopa mkate na sasa anakopa chumvi. Mama wa mkaa anajua nani alikuwa ananunua ndoo sasa hivi ananunua kopo moja kila jioni. Muulizeni kwa adabu, msimfanye mpelelezi, na mkienda kwa hiyo familia msiseme nani kawatuma, semeni mmepita kusalimia, na kaeni, kunyweni chai mkipewa. Mkikataa chai ya mtu mmeshaharibu.

Na jamani jifunzeni milango ya serikali, inaokoa hela zenu ndogo. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza, wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wana msamaha kwenye hospitali za serikali, ila mtu akifika peke yake amechoka na mgonjwa mgongoni hajui aingie chumba gani. Sisi tuna mama mmoja kazi yake ni hiyo tu, kumsindikiza mtu mpaka dawati la ustawi wa jamii, na tunaandaa barua ya serikali ya mtaa mapema. TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, majina yanapitishwa mkutano wa mtaa, basi hakikisheni watu wenu wanahudhuria mkutano, wengi hawaendi wanasema ni siasa. Na ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba kabisa, ilisimama 2023 ikarudi 2024. Ila kwa kawaida inaenda kwa kikundi kilichosajiliwa, na ina karatasi nyingi, kwahiyo mtu anayedaiwa kesho haimsaidii, inamsaidia asirudi tena kwa kausha damu.

Picha, sisi hatupigi watu wakiwa wanapokea. Anayetaka ushahidi tunampa risiti na muhtasari wa kikao. Wengine wamekasirika wakaondoka, heri.

Usajili msiuogope. Kikundi cha mtaa mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na katiba, majina na muhtasari wa kikao cha kwanza na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kukimbilia kuwa asasi kamili chini ya ile sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali, namba 24 ya 2002, subirini mkue kidogo, maana kule kuna ripoti na hesabu za kila mwaka na mkaguzi anataka kulipwa, kikundi cha watu ishirini kinaweza kuishia kumhudumia mkaguzi. Anayehitaji mfano wa katiba aniambie nimpe ya kwetu, ni kurasa chache tu, ila kile kipengele cha faini ya kuchelewa kikao abadilishe apandishe, sisi tuliweka mia tano na watu wanailipa huku wanacheka, wanaingia saa kumi na moja kikao cha saa tisa.