Uzito wa Lenzi Begani: Majibu kwa Wapiga Picha wa Bagamoyo

Ninapiga picha za harusi. Lenzi yangu ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8 inanichosha bega. Je, nikihamia ya f/4 nitapoteza nini? (Msomaji, Magomeni)

Kaka, uzito huo una hesabu yake. Milimita hueleza jinsi lenzi inavyovuta vitu karibu, na namba ya f hueleza upana wa tundu lake la mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Ukigawa 200 kwa 2.8 utaona kwamba lenzi hiyo inahitaji tundu la kupitisha mwanga lenye upana wa milimita 71 hivi, ilhali ya f/4 hutosheka na 50, na kioo kikipungua, chuma cha kukibeba nacho hupungua. Kwa lenzi za Canon za aina ya EF, ya f/2.8 ya toleo la tatu ina gramu 1,480; ya f/4 ya toleo la pili ina 780. Unachopoteza ni nusu ya mwanga: mahali ulipopigia kwa ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ya 3200 utalazimika kupanda hadi 6400, na chengachenga zitaonekana kwenye nguo nyeusi za bwana harusi. Kidhibiti mtikisiko hakitakuokoa hapo, kwa sababu hutuliza mkono wako wewe, hakimtulizi bibi harusi anayecheza. Shughuli zako zikiwa za mchana, hamia f/4 bila kusita. Zikiwa za usiku ukumbini, mimi ningebaki na ile nzito na kununua mkanda mpana wa begani.

Nataka kutembea kwa miguu siku nzima, kuanzia milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo hadi magofu ya Kaole. Je, lenzi moja ya 18 hadi 200 inatosha? (Msomaji, Dunda)

Inatosha kwa miguu yako kuliko kwa milango. Lenzi inayobebeshwa kazi za lenzi tatu haikosi kasoro: kwenye 18 mistari iliyonyooka huvimba kama pipa, na kwenye 200 pembe za picha hupoteza ukali. Kuta za matumbawe za Kaole, ambazo zenyewe zimeshalika, hazitakusuta. Fremu ya mlango itakusuta papo hapo. Kwa hiyo, dada, ukifika mlangoni rudi nyuma hatua chache, tumia 35 au 50, na ufunge tundu hadi f/8. Mstari uliopinda hunyooshwa kwenye kompyuta, lakini ukali uliopotea pembeni haurudi.

Lenzi ya milimita 50 ya bei nafuu, ile ya plastiki, ni nzuri kweli au ni maneno ya wauzaji?

Ni nzuri kweli. Ile ya Canon yenye f/1.8 STM ina gramu 160 tu, na kwa kuwa haivuti karibu wala kusogeza mbali, vioo vyake 6 vinatosha kuleta picha kali. Ila kwenye kamera nyingi za bei ya chini, ambazo kihisi chake, yaani sehemu inayopokea mwanga, ni kidogo, lenzi hii huona kama ya 75 au 80, kwa hiyo kwenye vichochoro utajikuta mgongo umegusa ukuta wa jirani.

Nitapanda ngalawa na wavuvi. Nichukue lenzi ngapi?

Moja, hata kama si kali kuliko zote ulizo nazo. Kufungua kamera ili kubadili lenzi kwenye rasharasha za maji ya chumvi ni hatari kuliko pembe hafifu za picha.