Nina CLS ya dizeli mwaka wa tano. Ndiyo, injini ni ya teksi

Mkuu mleta mada, umeuliza kama Mercedes-Benz CLS 250 CDI (CDI ni dizeli yao), lile umbo la pili lililozinduliwa 2010, ni gari la kuendesha au la kupigia picha, na kama silinda nne zinatosha kubeba bodi kubwa vile au utafute V6, yaani silinda sita. Hapo juu kuna mdau amekujibu kwa maneno matatu: "Teksi iliyovaa suti." Nimecheka, maana mimi ninalo. Nililichukua likiwa na kilomita 96,000, sasa limevuka 170,000, na huyo mdau hajakosea hata kidogo. Tatizo lake ni kudhani ametukana.

Injini inaitwa OM651, cc 2,143. Hiyo hiyo ilifungwa kwenye E-Class zinazopiga teksi Ujerumani na kwenye Sprinter za mizigo. Hiyo hiyo pia ilifungwa kwenye S-Class, gari lao kubwa la anasa, ile S 250 CDI, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza S-Class kutoka na silinda nne. Kwa hiyo kama CLS ni dereva teksi mwenye suti, S-Class naye ni bosi mwenye ovaroli kwa ndani. Kwenye CLS inatoa farasi 204. Wengi wanaishia kusoma namba hiyo na kukunja uso. Soma inayofuata: niutoni-mita 500 za kuvuta, nazo zinaanza kupatikana kwenye mizunguko 1,600 kwa dakika. CLS 350 ya petroli ya kipindi hicho, V6 ya lita 3.5, ina farasi 306 lakini mvuto wake ni 370. Tofauti hiyo ndiyo tabia yote ya gari hili, na usipoielewa utaliuza ndani ya miezi mitatu ukilalamika.

Kasoro ya sauti niimalize mapema. Likiwa baridi linagonga. Asubuhi ya kwanza nilipoliwasha nyumbani, jirani alichungulia akaniuliza lori limeleta nini. Ukiwa ndani na vioo umefunga husikii sana, ila ukisimama nje karibu na boneti, hakuna suti, ni ovaroli tupu. Dakika kama tano, injini ikishapata joto, linatulia. Ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, kelele ya tairi na upepo inaifunika kabisa. Kama kwako anasa ni sauti ya injini inayoimba, acha hapa hapa, tafuta petroli.

Sasa kuendesha. Mimi nilitoka kwenye petroli ya silinda sita, na mwezi wa kwanza nililiendesha hili vibaya. Nilikuwa nalipigilia. Kuna mlima mrefu ninaopita kila wiki, na nyuma ya lori nilikanyaga pedali hadi chini kama nilivyozoea. Gia ikaporomoka mbili kwa mpigo, injini ikalia kama mashine ya kusaga iliyoishiwa nafaka, gari likapita lakini kwa aibu. Ukishavuka mizunguko 4,000 humo hakuna kitu, ni makelele.

Wiki iliyofuata, mlima ule ule, lori lingine, mwendo 60. Nikakanyaga nusu tu, nikatulia. Kuna kitambo kidogo, kama pumzi moja, ambapo unaona hakuna kinachotokea. Hapo turbo ndogo inajaa; injini hii ina mbili, ndogo ya kuamsha na kubwa ya kupokea. Halafu mgongo ukaanza kuzama kwenye kiti, taratibu, na sauti haikupanda. Gia haikushuka. Sindano ilitoka 1,700, nilipoitazama tena iko 2,600 na lori nimeshaliacha kwenye kioo. Sikuhisi nimekimbia. Nilihisi mlima umelala.

Tangu siku hiyo mguu wangu umebadilika. Gari hili unalikanyagia mapema kidogo na kidogo, kisha unaliachia lifanye hesabu zake. Kitabu kinasema sifuri hadi 100 ni sekunde 7.5, na linafika, lakini kwenye taa za barabarani vijana wenye vigari vya petroli watakutangulia mita kumi za mwanzo na utaonekana mzee. Waache. Pima gari hili kati ya 80 na 130, huko ndiko limezaliwa. Gia boksi ni ya kasi saba, na ukiwa kwenye 120 gia ya saba injini inazunguka chini ya 2,000. Unazungumza na mtu wa nyuma bila kupaza sauti. Kuna kitufe cha E (kubana mafuta) na S (spoti). S mimi nimeisahau, inashikilia gia muda mrefu mahali ambapo injini haina la kukupa.

Kwenye kona hapa nitatofautiana na mdau aliyesema "linayumba kama meli". Uzito ni karibu tani 1.8 na urefu ni mita 4.94, kwa hiyo usilitegemee kurukaruka. Lakini silinda nne ni nyepesi kuliko V6, na uzito uliopungua umepungua puani, mahali penyewe. Pua inaingia kwenye kona bila kubembelezwa, kisha magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Linalala kidogo ubavuni mwanzoni mwa kona, likishalala linatulia hapo hapo hadi mwisho. Ninachokikosa ni usukani. Kizazi hiki kilikuja na usukani unaosaidiwa na mota ya umeme: mwepesi wakati wa kuegesha, mzito ukiwa kwenye kasi, sahihi kabisa, ila hausimulii chochote. Ukipita kwenye changarawe, makalio yanajua kabla ya mikono.

Yumba aliyoisema huyo mdau naijua inapotoka. Langu lilikuja na rimu za inchi 19 na tairi nyembamba kama ukanda, za nyuma pana kuliko za mbele. Kwenye picha, moto. Kwenye lami iliyochakaa, kila kiraka kinakugonga kiunoni, na likigonga katikati ya kona, mkia unapiga hatua pembeni. Juu ya hayo, upana ukitofautiana huwezi kuzungusha tairi za mbele kwenda nyuma, kwa hiyo za nyuma zinaisha peke yake. Nilishuka hadi inchi 18 zenye ukuta mnene zaidi. Gari lilibadilika kuliko nilipobadilisha shokapu zote nne, na kama ningejua ningeanza na tairi, shokapu ningeziacha hadi zichoke zenyewe.

Kuhusu CLS kuitwa "kupe ya milango minne" (kupe, yaani coupé, ni gari la paa la kushuka, kwa kawaida la milango miwili), watu wanabishana bure. Rover walishusha paa la gari lao la milango minne na kuliita kupe mwaka 1962, na Toyota wakaja na Carina ED 1985, ambayo wengi humu mnaikumbuka. CLS ya 2004 ndiyo iliyoifanya fasheni, ndipo zikafuata Passat CC, Audi A7 na BMW za Gran Coupé. Maana yake kwa mnunuzi ni moja tu: paa limeshuka, na kuna mtu atalipia hilo kwa kichwa. Kwangu ni shemeji, mrefu, ambaye sasa akiliona gari anaomba kukaa mbele kabla ya salamu. Viti ni vinne, si vitano. Katikati nyuma kuna sehemu ya kuwekea vitu, hakuna mkanda. Kama una watoto watatu, mjadala umeisha. Buti ni kubwa, lita 520. Dirisha la nyuma ni kama tundu la barua.

Milango haina fremu juu ya kioo. Ukivuta kitasa, kioo kinashuka kidogo, mlango ukifungwa kinapanda tena kuikumbatia raba. Ni kitu kidogo ambacho mpaka leo nakitazama. Mvua ikinyesha, ukifungua, matone yanadondokea kwenye kiti. Hakuna dawa, futa.

Sasa sehemu ambayo wauzaji hawaisemi, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Mwaka wa pili kazi ilinisogeza karibu, nikawa naendesha kilomita nne kwenda, nne kurudi, kila siku, kwa miezi. Dizeli hii ina DPF, kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Masizi yanajaa, na gari huyachoma lenyewe kwa kupandisha joto la moshi hadi nyuzi 600 hivi, lakini linahitaji mwendo mrefu usiokatizwa. Mimi nilikuwa nazima injini kila lilipoanza kazi hiyo. Dalili zilikuwepo, sikuzisoma: nimezima gari, feni inaendelea kunguruma dakika kadhaa, nikisimama kwenye foleni, injini haizimiki yenyewe kama kawaida yake, na mizunguko ya injini gari likiwa limesimama iko juu kidogo. Siku moja taa ikawaka na gari likakataa kuvuta. Fundi aliunganisha kompyuta, akaniuliza swali moja: "Bosi, unaishi mbali na kazini?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi hili si gari lako."

Alikisafisha kichujio. Tangu hapo, hata kama sina safari, kila wiki nalitoa kwenye barabara ndefu nusu saa au zaidi, mwendo mmoja. Na ikitokea feni inanguruma ninapofika nyumbani, sizimi. Nageuza naenda kuzunguka hadi itulie. Majirani wameshazoea. Oili pia usiruhusu yoyote tu: tafuta yenye kibali cha Mercedes namba 229.51, inayoacha majivu kidogo, maana masizi yanaungua lakini majivu ya oili hayaungui, yanabaki humo humo kwenye kichujio. Na ujue mnyororo wa taimingi umewekwa nyuma ya injini, upande wa gia boksi, kwa hiyo kuufikia si kazi ya kumalizia chini ya mwembe. Ukienda kununua, ukisikia mkwaruzo wa chuma sekunde chache baada ya kuwasha, ondoka.

Mafuta: safari ndefu nakaa kwenye lita 6.3 kwa kilomita 100, mjini 8.5 na zaidi foleni ikiwa mbaya. Kitabu kiliandika 5.1. Sijawahi kuiona, hata nikishuka mlima. Hata hivyo tangi moja linanivusha kilomita 800 kabla taa haijawaka, na kwa gari la sura ile sioni la kulalamikia.

Umeuliza kuhusu V6. Ya dizeli, CLS 350 CDI, ina farasi 265 na niutoni-mita 620, sifuri hadi 100 ni sekunde 6.2, na likiwa baridi lina adabu zaidi. Nimeliendesha la rafiki siku nzima. Ni tamu, sikatai. Lakini kile kitendo cha mlimani, cha kukanyaga nusu na kutulia, hata hili dogo linakifanya, na V6 ilinipa tu hamu ya kukanyaga zaidi mahali pasipo na nafasi. Kama safari zako nyingi ni ndefu na uko peke yako au wawili, dogo linatosha. Kama ni kilomita nne kwenda na nne kurudi, usichukue lolote kati ya hayo.

Ukienda kuliona, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, msalimie vizuri, mwambie utarudi kesho alfajiri.