Kituo cha kupima hewa kimenyamaza: je, vipima vya bei nafuu vitatosha?

SWALI: Mimi ni Mkenya ninayeishi katika mji wa viwanda kusini mwa Marekani. Kituo cha jimbo cha kupima hewa kilicho karibu na shule ya wanangu hakijatoa takwimu za PM2.5, yaani chembe ndogo sana za uchafu zinazoelea hewani, kwa majuma kadhaa, na idara inajibu tu kwamba ina upungufu wa watumishi. Katika mkutano wa mtaa, mfanyabiashara mmoja alituambia kwamba kwa bei ya mashine moja ya jimbo tunaweza kutundika vipima vidogo kila kona, bila kuhitaji mtumishi hata mmoja. Kwani viwanda havilipi ada? Fedha hizo huenda wapi, na je, tumkubalie mtu huyu?

JIBU: Ada zinalipwa, ndugu msomaji, ila hazifanyi kazi unayodhani. Tangu Sheria ya Hewa Safi iliporekebishwa mwaka 1990, kila mtambo mkubwa unatakiwa kuwa na kibali cha uendeshaji kinachohuishwa kila baada ya miaka 5, na majimbo yanatakiwa kutoza ada inayotosha kugharimia kazi ya vibali hivyo. Kiwango elekezi kilichowekwa na sheria ni dola 25 kwa kila tani ya uchafuzi, kwa thamani ya dola ya mwaka 1989, nacho hupandishwa kufuatana na mfumuko wa bei. Jimbo linaweza pia kuziacha bila kutozwa tani zinazozidi 4,000 za uchafuzi wa aina moja kutoka mtambo mmoja. Sasa tazama kinachotokea mtambo wa makaa ya mawe unapofungwa: maelfu ya tani hutoweka kwenye hesabu za ada, lakini vibali vya mitambo iliyobaki havipungui hata ukurasa mmoja, na anayeviandika na kuvikagua bado anadai mshahara. Kadiri hewa inavyosafishwa, ndivyo mfuko wa wasafishaji unavyokauka. Isitoshe, ada hizo haziruhusiwi kutumika nje ya shughuli zinazohusiana na vibali, kwa hiyo kituo cha shuleni kwenu kwa sehemu kubwa kinategemea bajeti ya jimbo na ruzuku ya serikali ya shirikisho, ambayo Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, mkaguzi wa Bunge la Marekani, iliripoti mwaka 2020 kwamba, baada ya kuzingatia mfumuko wa bei, ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia 20 tangu mwaka 2004.

Hilo la fedha linaeleweka upesi. Linalonichosha, kwa sababu nalisikia karibu katika kila mkutano wa aina hiyo, ni imani kwamba hewa inapimwa na mashine.

Chukua kipimo rejea cha PM2.5, yaani kile ambacho vipimo vingine hulinganishwa nacho, kinachotumia chujio. Chujio lenye upana wa milimita 46.2 hupimwa uzito maabara, katika chumba chenye joto la nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40, kisha hupelekwa kituoni, ambako mashine huvuta hewa kulipitia kwa lita 16.67 kila dakika, tangu usiku wa manane hadi usiku wa manane unaofuata. Baadaye lazima mtu aende kulichukua ndani ya muda uliowekwa, alirudishe maabara, lipimwe tena, na tofauti ya uzito, ambayo ni ya mikrogramu tu, ndiyo huwa jibu. Kila mwezi fundi huhakiki mtiririko wa hewa kwa kifaa chake cha rejea, na ukitofautiana kwa zaidi ya asilimia 4, hutafuta kosa liko wapi. Mashine zinazotoa takwimu kila saa hazihitaji safari za machujio, lakini uhakiki huo wa mtiririko haziukwepi. Fundi akihamia kampuni binafsi inayomlipa zaidi, jambo ambalo ni la kawaida, mashine itaendelea kunguruma vizuri huku takwimu zake zikikosa thamani ya kisheria. Kila robo mwaka inatakiwa kuwa na angalau asilimia 75 ya takwimu halali, na kwa kuwa kiwango cha juu cha PM2.5 kinachoruhusiwa kwa mwaka, kilichoteremshwa mwaka 2024 kutoka mikrogramu 12 hadi 9 kwa mita ya ujazo, hukokotolewa kwa wastani wa miaka 3, robo moja yenye pengo inaweza kuvuruga hesabu yote.

Vipima vidogo sivibezi. Wakati wa moshi wa moto wa misitu vimesaidia watu wengi kujua kama wafunge madirisha. Hata hivyo, haviipimi chembe uzito. Huangaza mwali wa leza na kukisia uzito kutokana na mwanga unaotawanyika, na hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi kama ya huko kusini, chembe huvimba na kipima kikazidisha. Ndiyo maana Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, liliandaa hesabu ya kuvisahihisha kabla ya kuviweka kwenye ramani yake ya moto na moshi. Hesabu hiyo ilipatikana kwa kuvitundika vipima hivyo kando ya vituo rejea, vile vile vinavyotunzwa na mafundi ambao mfanyabiashara wenu anasema hawahitajiki.

Wauzaji wa namna hii wanafuata fedha za mara moja. Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 50 kwa ajili ya kupima hewa, na fedha kama hizo hununua vifaa kwa urahisi, lakini bunge la jimbo haliundi ajira ya kudumu kwa ruzuku itakayokwisha kesho kutwa. Matokeo yake ni vifaa vipya vilivyojaa vumbi na nafasi za kazi zilizo wazi.

Mpango wa mtandao wa vituo vya jimbo lenu unatakiwa kufika EPA kila mwaka kabla ya tarehe 1 Julai, na kuwekwa wazi kwa wananchi kwa angalau siku 30 kabla ya hapo. Andikeni maoni katika kipindi hicho: ulizeni nafasi ngapi za mafundi ziko wazi, tangu lini, na kituo cha shuleni kimepoteza robo ngapi za takwimu. Mfanyabiashara akirudi, mtakeni awaonyeshe vipima vyake vilikaa kando ya kituo rejea kipi, kwa miezi mingapi, na nani atavihakiki baada ya mwaka wa pili. Akisema havihitaji kuhakikiwa, msimlipe.